Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Elimu na Viwanda: wapeni wanafunzi wa ufundi vipuri vya kutengeneza

Waheshimiwa,
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, na
Waziri wa Viwanda na Biashara,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: VYUO VYA UFUNDI KUPEWA KAZI HALISI ZA VIWANDA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimewaandikia nyote wawili barua moja kwa makusudi. Ningemwandikia Waziri wa Elimu peke yake, angenijibu kwamba viwanda si eneo lake. Ningemwandikia wa Viwanda, angenielekeza kwa mwenzake kwa kuwa mitaala iko huko. Jambo langu limekaa katikati ya wizara mbili, mahali ambapo faili hulala usingizi mzuri.

Mimi ni fundi sanifu wa mitambo. Nilisoma FTC, yaani cheti kamili cha fundi sanifu, wakati chuo cha pale kona ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi bado kinaitwa chuo cha ufundi, kabla ya sheria ya 1997 kukifanya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT. Wazee wa mjini mpaka leo wanakiita Dar Tech, na kilianza tangu 1957. Nimezunguka viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na kwa sasa nina karakana yangu Vingunguti: mashine za kukereza, moja ya miling, ya kuchomelea, grainda, na vijana.

Ombi langu ni hili. Vyuo vya ufundi vya umma vipewe vipuri vya kutengeneza. Sisemi vielelezo vya darasani. Nasema vipuri vilivyoagizwa na mteja anayevisubiri, vitakavyofungwa kwenye mtambo vikafanya kazi, au vikavunjika na kurudishwa kwa lawama.

Siku hizi likitajwa neno ubunifu, watu wanawaza programu ya simu au droni kwenye banda la maonyesho. Sina ugomvi na droni. Lakini kiwandani ubunifu mwingi unaanza na kitu kilichoharibika. Gia ya mashine ya kukoboa imekatika meno Ijumaa jioni, magunia ya mpunga ya watu yamepangwa mpaka mlangoni, na kipuri chake hakipo Kariakoo nzima. Mwenye mashine anakuja kwetu na gia imeviringishwa kwenye gazeti. Fundi anahesabu meno, anapima kipenyo, anachora, anatafuta chuma, anakata. Wiki mbili baadaye gia inarudi imevunjika pale pale ilipovunjika ya kwanza. Hapo fundi mwenye akili anaacha kuiga na kuanza kujiuliza. Pengine jino ni jembamba mno kwa mpunga uliochanganyika na mawe, basi anaongeza upana. Pengine gia haina kosa lolote, shafti ndiyo imepinda. Gia ya tatu si ile ya kiwandani tena, ni ya kwake. Ukipita tena baada ya miaka miwili unamkuta ameunda mashine nzima na ameipaka rangi ya kijani.

Mashine za tofali, za kusaga, za kukamua alizeti na za kukata viazi zinazotoka mitaa ya Gerezani, Buguruni na hapa Vingunguti zimekuja kwa njia hiyo. Hakuna mpango mkakati uliozizaa.

Sasa nieleze pale tunapokwama, kwa sababu hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tunakwama kwenye chuma. Malighafi yetu kubwa ni chakavu. Shafti inatoka kwenye ekseli ya lori, kisu kinatoka kwenye springi. Fundi wa mtaani anatambua chuma kwa cheche: anakigusa kwenye grainda na kutazama. Cheche ndefu zisizo na matawi ni chuma laini. Cheche zinazopasuka matawi mengi ni chuma chenye kaboni nyingi. Hiyo ni elimu ya kweli, hata vitabu vya metalojia, yaani elimu ya metali, vinaikubali. Ila ina mpaka wake. Chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.2 hivi unaweza kukipasha mpaka kikawa chekundu na kukichovya majini kutwa nzima, hakishiki ugumu wa maana. Chenye kaboni ya asilimia 0.4 hivi kinashika, lakini usipokipasha tena kwa joto la chini baada ya kukichovya kinabaki kigumu kisichovumilia kishindo, na siku ya kwanza ya mzigo kinapasuka. Kipo pia chuma laini kinachofukizwa kaboni juu juu ili ngozi iwe ngumu na moyo ubaki laini, na gia nyingi nzuri ni za namna hiyo. Cheche haziwezi kukuambia ngozi hiyo imeingia kiasi gani. Gia nyingi za mtaani zinazokufa mapema hazikuuawa na mkono mbaya wa fundi. Hakuna aliyejua zimekatwa kwenye chuma gani.

Mashine ya kupima ugumu ipo vyuoni. Tanuru lenye kipimajoto lipo. Katika chuo kimoja nilichowahi kutembelea vilikuwa vimefunikwa turubai safi kabisa. Niliomba kupima shafti moja, nikaambiwa niandike barua kwa mkuu wa chuo. Niliandika. Majibu yalipokuja, shafti ilikuwa imeshafungwa, imeshavunjika na mteja ameshahama kwangu.

Najua ipo TIRDO pale Msasani, iliyoundwa kwa sheria ya 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, na lipo Shirika la Viwango. Hizo ni taasisi za kitaifa. Hazikuundwa kubeba gia moja moja za kila mtaa. Chuo cha ufundi kinaweza, kwa sababu kina kitu ambacho wao hawana: mamia ya vijana wanaotakiwa kujifunza kupima.

Na vijana wenyewe? Wanaokuja kwangu kwa mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita field, wananieleza jinsi wanavyosoma. Chuma cha mazoezi ni ghali, basi mmoja anakereza na kundi zima linatazama. Kinachokerezwa ni kipande cha mazoezi: kinapimwa, kinapewa alama, kinatupwa kwenye pipa. Hakuna mtu yeyote duniani anayekisubiri. Akifika kiwandani, msimamizi anaogopa ataharibu mashine, anampa ufagio. Mwalimu wake anakuja mara moja, anatia saini kitabu cha kumbukumbu, anapiga picha, anarudi chuoni. Simlaumu mwalimu, naye hajapewa nauli ya safari ya pili, na wengine wamekaa miaka mingi bila kuingia kiwandani kama wafanyakazi.

Lakini hao hao vijana wana kitu ambacho sisi wa mtaani hatuna, na ningependa mkione kwa mfano. Kuna mteja alikuwa akivunja shafti za mashine ya kukamua miwa mara kwa mara. Sisi tulikuwa tunamtengenezea nyingine, nene zaidi kila mara, na kuchukua hela. Binti mmoja aliyekuwa field kwangu akauliza mota ina mizunguko mingapi. Hakuna aliyejua. Akaenda kusoma kibao cha mota: 2,900 kwa dakika. Akauliza mota ya zamani ilikuwa ya ngapi. Mwenye mashine akaitoa stoo: 1,450. Mota ilibadilishwa, puli ikaachwa ile ile, mashine nzima ilikuwa inakimbia mara mbili ya mwendo iliyoundiwa. Alikaa chini, akapiga hesabu ya puli mpya dakika chache tu, tukaikereza mchana ule. Shafti ile nyembamba ya mwanzo ndiyo iliyorudishwa. Hesabu hiyo alifundishwa darasani. Alichokuwa hajawahi kupewa ni shafti iliyovunjika.

Ndiyo maana sipendi mjadala wa nadharia dhidi ya vitendo unaorudiwa kwenye kila warsha. Binti yule alihitaji nadharia zaidi, si pungufu. Alihitaji tu iwe na mahali pa kutua.

Naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu tunazungumza kana kwamba tumeanza jana. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ilianzishwa 1973. Mwaka 1975 nchi hii ilipitisha Mkakati wa Viwanda vya Msingi, wa miaka 20, uliokusudia tutengeneze wenyewe vitu vya kutengenezea vitu. Ndipo likaja wazo la viwanda kama Kilimanjaro Machine Tools kule Moshi. Mang'ula tayari palikuwa na karakana ya mitambo iliyoachwa na ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ubungo kilikuwepo kiwanda cha zana za kilimo. Kisha zikaja bei za mafuta, vita vya Kagera, na ukame wa fedha za kigeni. Walioishi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka viwanda vilivyosimama huku majengo mazima, mashine nzima, wafanyakazi wapo. Kilichokosekana mara nyingi kilikuwa malighafi na vipuri. Tulinunua viwanda bila kununua uwezo wa kuvitibu.

Korea Kusini ilitangaza mpango wake wa viwanda vizito na kemikali mwaka huo huo wa 1973, na mwaka 1974 ikatenga mji wa Changwon kwa ajili ya viwanda vya mashine. Pamoja na viwanda ilijenga shule za sekondari za ufundi, ikazitia fedha, na vijana wake wakafundishwa usahihi wa vipimo kana kwamba ni dini. Mwaka 1977 wakatwaa ushindi wa jumla wa mashindano ya ufundi ya dunia kule Utrecht, Uholanzi. Treni za umeme tunazopanda sasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, tangu 2024, zimetengenezwa na Hyundai Rotem, kampuni ambayo kiwanda chake kiko Changwon. Sisemi haya ili tujidharau. Walikuwa na mambo mengi tusiyokuwa nayo, na mengine nisingependa tuwe nayo. Nasema kwa sababu treni zile zitachakaa. Yatakuja mabushi, vibano, vifuniko, mabano, sahani za kuzuia msuguano, na kila kimoja kitaagizwa kwa dola isipokuwa kama kuna mtu hapa alianza kujifunza kukitengeneza mapema.

Basi nieleze ninachoomba kifanyike, kwa lugha ya karakana.

Mashirika ya umma yaliyoko Dar es Salaam, namaanisha reli, bandari, umeme, maji, vivuko na mabasi ya mwendokasi, kila moja litoe orodha ya vipuri rahisi linavyoagiza nje. Mkazo uwe kwenye neno rahisi. Sitaki chuo kitengeneze beringi. Beringi tununue, waliozitengeneza wameshinda vita hiyo zamani. Wala sitaki mwanafunzi aguse breki, ndoano ya kreni, au kitu chochote ambacho kikivunjika mtu anakufa. Lakini bushi ya shaba, puli, kapi, mabano, kifuniko cha pampu, gia ya mwendo wa taratibu, rola ya mkanda wa kubebea mizigo: hivyo vinawezekana mwaka huu. Chuo kipokee mchoro au kipuri kilichochakaa, wanafunzi wapime, wachore, wachague chuma, wakereze, wapime ugumu. Mwalimu atie saini kama anavyotia saini mhandisi, na kipuri kiende kazini kikiwa na namba yake. Baada ya miezi michache mwanafunzi aende kukiangalia kilivyolika. Alama zake zitoke huko.

Kazi ambayo chuo hakiimudu kwa wingi, na ikishathibitika kwamba inafaa, ishushwe kwa karakana za mitaani pamoja na mchoro wake na jina la chuma chake. Hapo ndipo fundi wa Gerezani na mwanafunzi wa chuo cha Chang'ombe wanapokutana, wakiwa na karatasi moja mezani. Leo hawakutani popote isipokuwa kwenye daladala.

Najua pingamizi litakalokuja kutoka kitengo cha manunuzi: sheria, mzabuni, dhamana, mfumo wa kielektroniki. Nimejaza fomu hizo, nazifahamu. Ninachoomba ni dirisha dogo la majaribio: kiasi kidogo cha fedha ambacho shirika linaruhusiwa kutumia kwa kipuri cha chuo bila ofisa kuitwa kujieleza endapo kipuri cha kwanza kitakataliwa. Kwa sababu kitakataliwa. Cha kwanza hukataliwa kila mahali. Ofisa akijua ataitwa, ataagiza nje, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Na mkishaagiza, lipeni. Karakana ndogo haifi kwa kukosa kazi tu, inakufa pia kwa kazi iliyofanyika na isiyolipwa.

Jambo la pili, fungueni karakana za vyuo jioni na Jumamosi. Mashine ya kupima ugumu, tanuru, mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta: fundi aliyesajiliwa alipe ada ndogo, asimamiwe na mwalimu anayelipwa saa zake za ziada, na wanafunzi wawepo. Vifaa hivyo vimenunuliwa kwa kodi na mikopo. Kuna chuo kitapata hata hela ya elektrodi kwa njia hiyo.

Halafu kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Waajiri waliilipa kwa asilimia 6 ya mishahara, ikashushwa kidogo kidogo mpaka asilimia 3.5 mwaka 2023, na wanaotakiwa kuilipa sasa ni wenye wafanyakazi kumi au zaidi. Kuishusha kuliwafurahisha waajiri, sawa. Lakini angalieni nani anafundisha. Kijana mwingi wa ufundi katika mji huu anafundishwa na karakana ya watu watatu au wanne, ambayo haimo kwenye tozo na kwa hiyo haimo kwenye mafao yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina mpango wa uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini, na upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini; vyote vizuri. Vipanuliwe vifike kwenye fedha yenyewe: karakana ndogo inayompokea mwanafunzi, ikampa mashine badala ya ufagio na chuo kikathibitisha hivyo, ilipwe chuma alichoharibu. Sisemi mshahara. Chuma tu. Hofu ya msimamizi ni hiyo hiyo, chuma.

Kuhusu shahada nitasema kwa kifupi kwa kuwa najua ni kidonda. Mbeya palikuwa na chuo cha ufundi, leo ni chuo kikuu. Hapa kwetu, DIT, shahada zimeingia pia. Sipingi mtoto wa fundi kuwa mhandisi. Lakini ule uwiano unaotajwa siku zote, mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo, wale wa kazi za mikono, 25, hautafikiwa ikiwa kila chuo kinachofanikiwa kinazawadiwa kwa kuacha kazi iliyokifanikisha. Msingi mkubwa wa piramidi hiyo, wale 25, hauna hata heshima ya kadi ya mwaliko kwenye mahafali.

Januari 2024 mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulianza katika baadhi ya sekondari chini ya mtaala mpya. Watoto wale wa kidato cha kwanza watafika kidato cha nne 2027. Ni uamuzi mzuri, na mmeuchukua wakati wazazi wengi bado wanaona ufundi ni adhabu ya waliofeli. Ila nina wasiwasi mmoja. Zile shule za zamani za ufundi, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, ziliheshimika kwa sababu karakana zilikuwa zinanguruma. Shule ya amali yenye ubao mpya wa jina na karakana isiyo na chuma itawathibitishia wazazi kile kile walichokuwa wakihofia. Heri shule chache zenye kelele.

Hatimaye Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025. Nimeisoma kama mtu wa mashine anavyosoma, nikitafuta panapoandikwa nani atatengeneza nini. Uchumi wa dola trilioni moja ni mzigo mkubwa kwenye shafti. Utabebwa na mitambo mingi sana, nayo itavunjika kila siku, Kibaha, Ubungo, Kurasini, Mbagala, na kila inapovunjika kutakuwa na uchaguzi: kutuma picha ya kipuri kwa wakala wa ng'ambo na kusubiri, au kukipeleka mahali ambapo kijana wa miaka 19 atakaa nacho, akipime, na kuuliza kimevunjika kwa nini.

Hotuba zenu mbili za bajeti zinasomwa Dodoma kati ya Aprili na Juni. Naomba kila mmoja wenu aweke humo kifungu kimoja kinachomtaja mwenzake: wa Elimu aseme vyuo vipi vitaanza kupokea vipuri, wa Viwanda aseme mashirika yapi yatavitoa. Kuanza na vyuo viwili vya Dar es Salaam na shirika moja kunatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kwa upande wetu, mafundi kadhaa wa Vingunguti tumeshazungumza. Tuko tayari kukaa na mkuu wa chuo yeyote na ofisa manunuzi yeyote, kwa gharama zetu, kupitia orodha ya kwanza na kusema kipi kinawezekana na kipi kisiguswe. Aje na sampuli zilizochakaa, siyo katalogi. Tunafungua saa moja na nusu asubuhi, Jumapili tu hatupo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu, mitambo,
Vingunguti, Dar es Salaam.